Maswali ya Wasomaji: Krediti Zangu Zitavuka Nami?

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazozunguka jambo moja, nalo ni safari ya mwanafunzi anayeanza katika chuo kidogo na kutaka kumalizia katika chuo kikuu kikubwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake bado ana nafasi ya kurekebisha mambo.

*

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete. Nilimaliza kidato cha sita Pemba katika mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, na sasa niko California, naishi kwa mjomba wangu na nasoma katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, kwa viza ya mwanafunzi. Nia yangu ni uhandisi wa ujenzi, na baada ya miaka miwili nihamie chuo kikuu kikubwa. Muhula wa kwanza nilipangiwa kozi mbili za Kiingereza cha wageni, kozi ya hisabati ya maandalizi, na kozi ya kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, ambayo niliipenda na kupata alama A. Juzi mwanafunzi mwenzangu ameniambia kwamba katika hizo zote huenda isikubaliwe hata moja huko niendako. Mshauri wa chuo ananitaka nimalize kwanza masomo yao yote ya jumla. Mjomba ananitaka nihame haraka kabla fedha hazijakwisha. Nimfuate nani?
Msomaji, California

Wa alaykumu ssalam, mwanangu. Katika barua yako umewataja mshauri, mjomba na mwenzako, lakini hukumtaja yule ambaye neno lake ndilo litakaloamua, yaani chuo kikuu chenyewe unachokusudia kuhamia. Hukutaja hata jina lake. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wewe ni mtoto wa Wete, kwa hivyo habari ya karafuu huhitaji kusomeshwa. Mkulima huchuma, hutenganisha na makonyo, huanika, huijaza polo, akaipima nyumbani kwa mzani wake na kuapa kwamba hiyo ni daraja la kwanza. Lakini mzani unaolipwa na jicho linalotoa daraja viko katika kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Krediti, yaani vipimo vya kozi ulizozimaliza, nazo ni hivyo hivyo. Chuo chako cha jamii kinakupa krediti na kuziandika katika transkripti, yaani orodha rasmi ya kozi na alama zako, na hakuna anayebisha kuwa umezipata, ila thamani yake katika safari ya shahada hupangwa na chuo kikuu kinachokupokea, na vyuo vikuu viwili vilivyo katika mji mmoja vinaweza kuipa kozi moja madaraja mawili tofauti.

Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida hutaka krediti zipatazo 120 katika vyuo vinavyofuata mfumo wa mihula miwili, na miaka miwili ya chuo cha jamii hukupa kama 60. Kwa hesabu ya vidole hiyo ni nusu ya njia. Hesabu ya kweli haiendi hivyo, kwa sababu kozi yako ikifika mlangoni hupatwa na moja kati ya mambo matatu. Inaweza kukataliwa kabisa. Inaweza kupokewa kama krediti ya hiari, ambayo inahesabika katika jumla lakini haijazi pengo lolote la lazima. Au inaweza kupokewa badala ya kozi maalumu ambayo kila mhandisi mwanafunzi wa chuo hicho hulazimika kuisoma. Wanafunzi wengi hufurahi kusikia kwamba krediti zao zote 60 zimekubaliwa, kisha wakifika hugundua kuwa 20 kati yake ni za hiari tu, na kozi za msingi za fani yao wanaanza nazo upya. Kwa hivyo usiulize tu kama kozi fulani inahamishika. Uliza inahamishika kuwa kitu gani.

Mwenzako amekwambia kweli, ingawa ameisema kwa ukali. Hisabati ya maandalizi iliyo chini ya kiwango cha chuo haihesabiki katika shahada, na Kiingereza cha wageni mara nyingi nacho hakihesabiki, au huhesabika kwa sehemu ndogo tu. Kozi ya kuchora ramani huenda ikawa ya upande wa ufundi, na kozi za upande huo hupangwa kwa ajili ya mtu anayetoka chuoni kwenda kazini moja kwa moja. Vyuo vikuu vingi huzipita bila ya kuziangalia. Usisikitike sana. Kiingereza ulikihitaji, na mkono uliozoea kuchora kwa kompyuta utakufaa siku ya kutafuta kazi. Ila kuanzia muhula ujao usijiandikishe katika kozi yoyote kabla hujajua itapokewaje.

Bahati yako ni kwamba uko California, jimbo lenye vyuo vya jamii 116 na utaratibu ulioandikwa wazi kuliko majimbo mengi. Kuna tovuti iitwayo ASSIST, ambamo unachagua chuo chako cha sasa, chuo kikuu unachokitaka na fani, nayo inakuonesha kozi kwa kozi ni ipi inachukua nafasi ya ipi. Ifungue leo usiku, chagua vyuo vikuu vitatu au vinne vyenye uhandisi wa ujenzi, chapa orodha zake na uzilinganishe. Kozi zinazotajwa katika orodha zote ndizo za kuzitanguliza, na kwa fani yako nina hakika utakuta msururu mzima wa kalkulasi, milinganyo tofautishi, fizikia inayotumia kalkulasi, kemia, na mara nyingi kozi ya kuandika programu za kompyuta. Wasomaji wetu walio katika majimbo mengine waulize ofisi ya ushauri kuhusu mikataba ya kuhamisha krediti iliyopo kati ya chuo chao na vyuo vikuu vya jimbo. Florida, kwa mfano, humhakikishia mhitimu wa stashahada ya masomo ya jumla nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo hilo, bila ya kumhakikishia chuo anachokipenda wala fani anayoitaka.

Sasa nije kwa mshauri wako. Ushauri wake ungekuwa mzuri kwa mtu wa historia, sosholojia au lugha, kwa sababu kifurushi cha masomo ya jumla humwondolea mambo mengi kwa pamoja. Kwa mhandisi mambo yamepinduka. Skuli nyingi za uhandisi katika Chuo Kikuu cha California hutazama kwanza hisabati na sayansi za msingi, na baadhi yake huwashauri waombaji wasikimbilie kifurushi cha jumla hata kidogo. Ukifika na historia ya sanaa mkononi lakini bila ya fizikia ya pili, utakuwa umebeba mzigo usiotakiwa na kuacha unaotakiwa. Simlaumu mshauri, ana mamia ya wanafunzi na pengine hukumtajia uhandisi mara ya kwanza. Rudi kwake na zile karatasi ulizochapa, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Mjomba naye ana uchungu wa fedha, jambo ambalo hakuna wa kumlaumu kwalo, lakini haraka anayoipendekeza itamgharimu zaidi. Matawi ya Chuo Kikuu cha California huwapokea wahamiaji hasa kwa ajili ya kuingia mwaka wa tatu, yaani wenye krediti 60 za mfumo wa mihula, na hutoa kipaumbele kwa wanaotoka vyuo vya jamii vya jimbo hilo hilo. Ukijaribu kuhama na krediti 30, milango mingi utaikuta imefungwa. Isitoshe, mwanafunzi wa viza kwa kawaida hahesabiwi kuwa mkaazi wa jimbo, na asiye mkaazi hulipa katika chuo hicho nyongeza inayozidi dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Kila kozi ya msingi utakayoimaliza ulipo sasa ni kozi ambayo mjomba hatailipia kwa bei hiyo. Wala usikae kupita kiasi: chuo hicho hakihesabu zaidi ya krediti 70 kutoka chuo cha jamii, na za ziada hazikusogezi mbele.

Upande wa alama, kiwango cha chini cha wastani, yaani GPA, kwa mhamiaji asiye mkaazi ni 2.8 katika Chuo Kikuu cha California na 2.4 katika mfumo wa pili wa jimbo, California State University. Hivyo ni vizingiti vya mlango tu, na uhandisi hutaka zaidi ya hapo kwa mbali. Mfumo huo wa pili usiudharau. Tangu sheria ya mwaka 2010 kuna stashahada maalumu ya kuhamia inayomhakikishia mwenye nayo nafasi katika mfumo huo, japokuwa si katika tawi alilolichagua, na wahandisi wake wanaajiriwa kama wengine. Na katika Chuo Kikuu cha California yapo matawi sita yanayotoa udahili wa uhakika kwa anayetimiza masharti: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hayamo. Unaruhusiwa kuomba uhakika huo katika tawi moja tu, na si kila fani inahusika, kwa hivyo soma masharti ya uhandisi tawi kwa tawi.

Tarehe zinazowaponyoka vijana ni hizi. Maombi ya udahili wa uhakika hupelekwa mwezi wa Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Maombi ya kawaida hupokewa kuanzia tarehe 1 Oktoba na kwa desturi hufungwa mwishoni mwa Novemba, na Januari hutakiwa kuongeza alama za muhula uliopita. Asiyefanya hivyo faili lake hubaki na upungufu. Majibu hutoka Aprili, na nafasi huthibitishwa kabla ya tarehe 1 Juni.

Jambo moja nimelijua kwa kuungua. Nilipohama mimi, miaka mingi iliyopita na katika jimbo jingine, nilipoteza kozi tatu, krediti 9, kwa sababu maelezo ya kozi hizo katika kitabu cha chuo yalikuwa mistari miwili tu na chuo kikuu hakikuona kilichosomeshwa ndani yake. Waliniambia nilete muhtasari wa kila kozi, wenye mada za kila wiki na vitabu vilivyotumika, nami nilikwisha kuvitupa vyote siku ya kuhama dakhalia. Mwalimu mmoja alistaafu, mwengine hakujibu. Nikarudia takwimu yote kuanzia wastani na wastani wa kati, nimekaa nyuma ya darasa nikijua kila jibu na kulipa kwa kila jibu. Kwa hivyo, mwanangu, hifadhi muhtasari wa kila kozi tangu wiki ya kwanza, na kazi kubwa ulizozifanya, katika simu, katika barua pepe na mahali pa tatu. Uamuzi wa kwanza wa krediti unaweza kukatiwa rufaa, na muhtasari ndio shahidi wako.

Kuhusu viza, ukipata udahili usidhani kwamba barua ya kukubaliwa inatosha. Rekodi yako imo katika mfumo wa SEVIS, ambao serikali ya Marekani huutumia kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na chuo chako cha sasa ndicho kitakachoiachia rekodi hiyo kwenda chuo kipya katika tarehe mnayokubaliana. Kabla ya tarehe hiyo unaweza kubadili mawazo. Ikishapita, chuo cha zamani hakina tena mkono juu ya rekodi, na fomu yako mpya ya I-20, ile hati ya chuo inayobeba viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo kipya. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano, na mpaka unahama uwe na angalau krediti 12 kila muhula mkuu, ambamo kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Kanuni hizi hubadilishwa, na za kuingia nchini hubadilishwa haraka zaidi. Usinunue tiketi ya kuja kula Idi Wete kabla ya kukaa na afisa wa wanafunzi wa kigeni na kumuuliza kama utaweza kurudi.

Nimalizie na jambo ambalo hukuliuliza. Chuo kama Berkeley au Los Angeles kina wanafunzi zaidi ya 40,000. Ulipozoea mwalimu anayekuita kwa jina, utakuta ukumbi wa watu mamia, na anayekusahihishia kazi ni mwanafunzi wa shahada ya juu. Matawi mengi ya chuo hicho, isipokuwa Berkeley na Merced, hufuata robo za wiki kumi badala ya mihula, kwa hivyo wiki ya nne unakabiliwa na mtihani ilhali bado unatafuta njia ya maktaba. Watafiti wa elimu wameliona hilo siku nyingi. Mwaka 1965 John Hills aliliita mshtuko wa kuhama, yaani kushuka kwa alama katika kipindi cha mwanzo baada ya kuhamia, na alama hizo kwa wengi hupanda tena baadaye. Pia ujue kwamba katika vyuo vikuu vingi krediti huvuka lakini wastani wa alama hauvuki: ile A uliyoihangaikia inabaki upande wa pili, na GPA yako mpya inaanza na robo hiyo ya mwanzo, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Basi kipindi hicho usijaze kozi tatu nzito za uhandisi kwa pamoja. Chukua mbili, ya tatu iwe nyepesi, na saa za mwalimu za kuonana na wanafunzi uzitumie kuanzia wiki ya kwanza, kabla hujawa na tatizo la kumpelekea.

*

Mwalimu, mimi nasomea stashahada hapa Unguja. Je, nikijiunga na shahada Tunguu au Dar es Salaam, miaka yangu miwili itahesabiwa kama wanavyohesabiwa wa Marekani?
Msomaji, Fuoni

Kwa utaratibu wetu wa kawaida, la. Stashahada hapa ni sifa ya kuingilia, na mwenye nayo huanza mwaka wa kwanza pamoja na aliyetoka kidato cha sita. Mimi binafsi naona ni hasara kubwa kwa taifa kumsomesha mtu mara mbili kitu kimoja, lakini huo ndio utaratibu. Unachotakiwa kulinda ni GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na ukumbuke kwamba fani nyingine zina masharti ya ziada. Kama chuo chako kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini, utahitaji pia namba ya uhakiki wa cheti, inayojulikana kwa kifupi AVN, wakati wa kuomba. Ishughulikie mapema, kwani dirisha la udahili halimsubiri mtu.

*

Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu yuko Marekani kwa shangazi yake, na mwaka huu ameanza chuo cha jamii. Kwenye harusi moja hapa mtaani nimeambiwa mbele za watu kwamba hivyo ni vyuo vya walioshindwa, na kwamba akirudi cheti chake hakitatambuliwa. Nimekosa la kujibu. Akihamia chuo kikuu, cheti kitaandikwaje?
Mama, Chake Chake

Marahaba, bibi yangu. Waliosema hayo harusini wangejaribu kwanza kukaa katika darasa la kalkulasi la chuo cha jamii saa moja asubuhi, pamoja na mama wa watoto wawili aliyetoka kazini usiku. Vyuo hivi ni vya zamani. Joliet Junior College ya Illinois, kilicho kikongwe kuliko vyote vya umma vinavyodumu, kilianzishwa mwaka 1901, na tangu mwanzo kusudi lake lilikuwa kuwapa vijana miaka miwili ya masomo ya chuo kikuu karibu na nyumbani. Huko mtu huanzia hapo kwa sababu ya ada, kwa sababu ya umbali, au kwa sababu hajaamua fani. Waliofeli wamo, kama walivyomo katika vyuo vikuu.

Binti yako akihamia na kumaliza, cheti cha shahada kitakuwa cha chuo kikuu peke yake, sawa na cha aliyeingia tangu mwaka wa kwanza. Chuo cha jamii kitaonekana katika transkripti, ambako zile krediti alizohamisha huorodheshwa. Na hapo ndipo penye jambo la kutenda. Nchini kwetu anayetambua vyeti vya vyuo vikuu vya nje ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo huangalia transkripti pamoja na cheti. Nimewaona vijana waliorudi na transkripti ya chuo kikuu tu, ambayo kwa miaka miwili ya mwanzo imeandikwa kozi zilizohamishwa bila ya alama zake, wakalazimika kuandikia ng'ambo na kusubiri ilhali nafasi ya kazi inapita.

Hakikisha pia kwamba chuo kikuu atakachohamia kina ithibati ya chombo kinachotambulika huko Marekani. Aliulize hilo kabla ya kulipa chochote, kwa sababu wapo wanaouza vyeti kwa majina yanayofanana na ya vyuo vikubwa.

Basi mwambie hivi kwa simu: siku atakapokuwa anaondoka katika chuo cha jamii, aombe transkripti rasmi mbili zilizofungwa katika bahasha na muhuri wa chuo. Moja aiweke kwake. Ya pili aitume kwa mtu anayekuja Pemba, nawe uiweke bila ya kuifungua, pamoja na hati za kiwanja.